Turbo Kubwa Ilibaki Kwenye Boksi: Kisa cha Forester Moja ya Tabora

Alikuja na turbo kabla ya kuja na gari. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, vumbi la Tabora limeshaanza kukaa hewani mpaka jioni, na kijana akaingia gereji amekumbatia boksi kifuani.

"Shikamoo fundi. Nimeagiza hii Dar. Nataka Jumamosi iwe imefungwa."

"Marahaba mdogo wangu. Gari liko wapi?"

"Nyumbani, Cheyo. Linatoa moshi kidogo tu."

Ndani ya boksi kulikuwa na TD05-20G mpya kabisa, iliyotengenezwa ikae kwenye Subaru bila kukata wala kuchomelea chuma. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hii ni nzuri, na bei yake si ya mchezo. Lakini kilichobaki kichwani mwangu siku ile ni yale maneno ya moshi kidogo. Nikamwambia boksi likae kwenye shelfu, gari lije kwanza, na Jumamosi aisahau.

Gari lenyewe ni Forester SG5 ya 2004, gia tano za mkono, injini EJ205 ya lita 2.0, ambayo kiwandani ilitoka na nguvu farasi 220 na turbo ndogo ya TD04. Mwenyewe anafanya biashara ya asali. Njia zake ni Nzega na Kahama, na mara chache hupita Itigi na Manyoni kwenda Dodoma. Nilipomuuliza anataka gari lifanye nini ambacho sasa halifanyi, alifikiri kidogo, akasema anataka kupita malori bila kushusha gia na kuomba dua. Watu wengi huruka swali hili wakakimbilia namba ya nguvu farasi, na kwangu lina uzito kuliko namba hiyo. Kupita lori maana yake ni kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 90 au 100, injini ikiwa kati ya mizunguko 2,500 na 4,500 kwa dakika. Kwenye lita 2.0, 20G huamka sawasawa mizunguko ikishapita 4,000. Gurudumu lake la kompresa, upande unaosukuma hewa, ni zito na tundu la upande wa moshi ni pana, hivyo linasubiri moshi mwingi ambao injini ndogo bado haijautoa. Angelipa pesa nyingi, halafu gari liwe zito zaidi pale pale anapolihitaji.

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kuliacha boksi kwenye shelfu. Ya pili ilitokana na mji wenyewe.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam presha ya hewa ni kilopaskali 101, huku kwetu ni kama 88. Kwa hiyo injini isiyo na turbo imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa kabla hujageuza ufunguo. Yenye turbo inaweza kurudisha kilichopotea, ila kwa gharama, na gharama yenyewe huilipa turbo. Tuseme unataka ndani ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kuwe na presha ile ile anayopata mtu wa Dar mwenye geji inayosoma bar 1.0, yaani kilopaskali 201 kwa jumla. Kompresa ya Dar inaizidisha hewa mara 1.99. Ya Tabora inabidi iizidishe mara 2.28, na geji yako itasoma bar 1.13. Hewa ikigandamizwa zaidi, inapata joto zaidi. Nilimpigia hesabu hiyo kwenye kipande cha katoni: siku ya nyuzi 35, kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 inatoa hewa ya nyuzi 131 hivi ikiwa Dar, na nyuzi 152 ikiwa hapa. Nyuzi ishirini na moja zimeongezeka, na nguvu ni ile ile. Kigoma, kwa kuwa iko chini karibu na ziwa, adhabu ni ndogo kuliko yetu, lakini ipo.

Ndiyo maana huwa sikubali mtu aniambie "weka bar moja na nusu kama ya rafiki yangu wa Dar". Kinacholeta nguvu ni uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda. Geji inakuonyesha presha iliyozidi ile ya nje, basi, na ukiifuata peke yake utaipeleka turbo mahali ambapo inazalisha joto tu.

Gari lilipofika tuliliacha lipoe usiku kucha, asubuhi tukapima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inajenga. Silinda tatu zilikaa kati ya psi 146 na 150. Ya nne ilisoma 132. Pengo la namna hiyo kwenye injini ya turbo si la kufumbia macho, hasa silinda ya nne ya Subaru ambayo mafundi wengi tunaijua kwa kuungua kabla ya wenzake. Tukaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa, tukazima redio na kusikiliza. Hewa ikivuja kwenye ringi, utaisikia kwenye mdomo wa oili. Ikivuja kwenye gasketi ya silinda hedi, maji ya rejeta yatatoa mapovu. Kwenye mdomo wa oili kulikuwa kimya, na maji yalitulia. Kijana wangu wa kazi alienda kuinama nyuma ya gari, sikio kwenye sailensa, akanyoosha mkono juu: huko ndiko hewa ilikokuwa inatokea, mluzi mwembamba sana. Valvu ya eksozi haifungi vizuri.

Tulipofungua kava, mwanya wa valvu hiyo ulikuwa umebana karibu kuisha. Valvu ikikaa miaka mingi huzama kidogo kwenye kiti chake, mwanya unapungua, na siku ikikosa kugusa kiti sawasawa inashindwa kutoa joto lake, inaungua. Yetu ilikuwa haijaungua. Kurekebisha kulitaka kutoa kamshafti na kubadilisha vikombe vinavyokaa juu ya valvu, na kwa kuwa taimingi belti ilikuwa imeshatoka, ikaja mpya pamoja na rola zake na pampu ya maji. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye tairi, anahesabu pesa inavyoondoka bila turbo kufungwa. Nilimwelewa. Lakini turbo mpya juu ya valvu ile ingempa wiki chache tu.

Moshi nao ukapata jibu. Tuliziba njia ya hewa tukaijaza presha ndogo, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hozi inayotoka turbo kuingia intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ilikuwa na ufa wa urefu wa kucha, upande wa chini usioonekana. Hewa iliyokwisha pimwa na sensa ilikuwa inatokea pale, kontroboksi, kompyuta ya injini, inamwaga mafuta kwa hewa ambayo haifiki, na moshi unatoka mweusi. Kabla ya hapo presha ilikuwa inafika bar 0.8 halafu inaporomoka hadi 0.55 injini ikifika mizunguko 6,000. Kwa hozi mpya na valvu iliyorekebishwa, ilikaa 0.8 hadi mwisho ikashuka kidogo tu, na sensa ya hewa ikasoma gramu 163 kwa sekunde. Hizo ni kilo 9.8 kwa dakika. Kwa mafuta ya petroli, kila kilo ya hewa kwa dakika hutoa takribani nguvu farasi 22, kwa hiyo gari lilikuwa limerudi kwenye 215, karibu kabisa na lilivyotoka kiwandani. Alipoliendesha siku hiyo alirudi akiwa amenyamaza, kisha akasema, "Kumbe hivi ndivyo lilivyokuwa?"

Wengine wangeishia hapo, na si vibaya. Yeye alitaka kuendelea, na sasa injini ilistahili.

TD04 ya zamani tuliitoa. Niliiweka kiganjani, nikampa tochi aangalie mapanga ya kompresa. Kingo zake zilikuwa zimelika, butu, zimekwaruzika kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe baya. Lile lilikuwa vumbi. Mtu aliyemuuzia gari alikuwa ametoa boksi la filta la kiwandani akafunga filta ya koni iliyo wazi, inayokaa ndani ya boneti ikivuta hewa ya moto na kila kilichomo. Barabara ya lami haitoshi kukuokoa na vumbi la hapa. Sharti langu la kwanza likawa boksi la kiwandani lirudi, na filta ya karatasi ibadilishwe kila anapobadilisha oili. Filta za kupaka oili sizifungi kwenye magari yenye sensa ya hewa, kwa sababu ile oili huruka, inaganda kwenye waya mwembamba wa sensa, na vipimo vinaanza kudanganya.

Sasa turbo gani? Lengo tuliliweka nguvu farasi 250 hadi 260, kwa sababu mbili. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, hazivumilii kugonga (mafuta kulipuka yenyewe kabla ya wakati), na giaboksi ya gia tano ya Subaru haina sifa nzuri ya uvumilivu, hasa meno ya gia ya tatu ukilipiga nguvu ghafla injini ikiwa chini. Kwa lita 2.0 kwenye mizunguko 6,000, hewa ya nyuzi 45 baada ya intakula na presha ya jumla ya kilopaskali 201, hesabu inaleta kilo 11.9 za hewa kwa dakika, yaani nguvu farasi 260 na kidogo. TD04 pale inaishiwa pumzi. Ingezunguka kupita kiasi, izalishe joto na kubana moshi usitoke. 20G ingekuwa bado mbali na uwezo wake.

Katikati yake kuna familia ya turbo za kampuni ya IHI. Muuza spea mmoja wa mtumba alitutumia picha ya turbo ya STI, zile Impreza za kasi za Subaru, akasema inaingia moja kwa moja. Nilipoikuza picha nikaona mdomo wa moshi una matundu mawili. Hiyo hulishwa na mabomba mawili yaliyotenganishwa, na Forester hii ina bomba moja. Ingehitaji manifodi nyingine ya moshi, bomba jingine la kupandisha moshi, na kesho yake bakuli la oili la chini ya injini nalo libadilishwe. Mtu ananunua turbo, anajikuta amenunua nusu ya gari. Tukasubiri mpaka ikapatikana VF30 ya tundu moja, iliyotoka kwenye Impreza STI ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni saizi ya kati, huamka kwenye mizunguko 3,300 hadi 3,500, na bushi zake zinaweza kufanyiwa matengenezo. Ilikuwa ya mtumba, kwa hiyo nilishika shafti nikaichezesha. Kuchezea pembeni kidogo ni kawaida ikiwa haina oili. Kwenda mbele na nyuma kusionekane kwa jicho, na mapanga yasiguse nyumba yake. Ilifaulu.

Kwenye bomba la oili la turbo, Subaru nyingi za turbo zina wavu mdogo sana uliofichwa ndani ya bolti. Tulipoutoa kwenye gari hili ulikuwa umejaa uchafu mweusi, unapitisha mwanga kwa shida. Oili ikikwama pale, turbo mpya inakufa kwa dakika chache, na mtu analaumu muuzaji. Tuliweka bolti mpya, bakuli la oili tukalitoa na kukagua bomba la kunyonya oili kama lina ufa, na geji ya presha ya oili ikakaa mahali dereva anapoiona. Katika vyote tulivyoongeza, geji ile ndiyo ningeitetea mpaka mwisho.

Nozeli za mafuta tulizipima kwa kipimo: wastani wa sisi (yaani mililita) 430 kwa dakika. Kwa nguvu farasi 260, kila silinda inataka karibu sisi 400 kwa dakika, maana yake nozeli zingekuwa wazi zaidi ya asilimia 90 ya muda. Mimi sipendi kuvuka 80. Zikaja za sisi 550 kwa basi la Dar, na pampu ya mafuta ya Walbro ya lita 255 kwa saa.

Hapo tukakwama siku mbili. Presha ya mafuta kwenye reli, bomba linalolisha nozeli, ilikuwa sahihi gari likiwa limesimama, bar 3. Sheria yake ni kwamba inapanda pamoja na presha ya turbo, bar kwa bar, ili nozeli iendelee kusukuma kwa nguvu ile ile dhidi ya hewa iliyo ndani ya manifodi. Turbo ikitoa 1.0, reli isome 4.0. Yetu ilifika 3.5 ikagoma. Tulibadilisha filta ya mafuta, tukakagua regyuleta, hakuna kilichobadilika. Mwishoni nikaweka mita kwenye waya za pampu yenyewe, nyuma kwenye tangi, injini ikiwa kwenye mzigo. Betri ilikuwa na volti 13.9, pampu ilikuwa inapata 11.6. Waya wa kiwandani ulishindwa kulishibisha tumbo la pampu mpya. Tukavuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, na waya wa athi tukausaga kutu mpaka chuma kikang'aa. Reli ikasoma 4.0. Nimeandika hili kwa kirefu kwa sababu injini nyingi za turbo hufa kwa namna hii: mafuta yanapungua pale pale hewa inapokuwa nyingi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na dereva hasikii lolote mpaka pistoni itoboke.

Kwa intakula alitaka ile ya mbele, inayoonekana kwenye grili. Nilikataa. Mabomba yake ni marefu, inaziba upepo wa rejeta, na kokoto za njia zake zingeitwanga. Tulichukua ya juu ya STI, kubwa kuliko ya Forester, tukaziba kwa sponji nafasi kati yake na tundu la boneti ili upepo usikwepe pembeni. Eksozi ilifunguliwa kiasi: bomba pana baada ya turbo, sailensa ikabaki. Kufungua zaidi kwenye turbo yenye geti dogo la kupunguzia moshi kuna hatari ya presha kupanda yenyewe bila kudhibitiwa. Na kelele mjini ni dharau kwa majirani.

Kontroboksi tuliisoma na kuiandika upya kwa kebo ya Tactrix na programu ya EcuFlash, sensa pana ya oksijeni ikiwa imefungwa kwenye eksozi. Subaru hizi za Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni 100 ya kule. Ya vituo vyetu haifiki hapo. Okteni ikipungua, mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda hulipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na huko ndiko tunakokuita kugonga. Tulianza na presha ya bar 0.7 na cheche iliyocheleweshwa, hewa kwa mafuta ikiwa 11 kwa 1 kwenye mzigo, tukapanda polepole. Majaribio tuliyafanya alfajiri nje ya mji, barabara ikiwa tupu.

Tulilenga bar 1.13. Kwenye 1.1, gari likiwa limetoka kusimama juani robo saa, sensa ya kugonga iliita kwenye mizunguko 4,200, gia ya tatu. Upepo ulikuwa haujaifikia intakula, ilikuwa bado jiko. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya kusimama, likitembea litatulia. Lakini yeye ndivyo anavyoishi: anasimama Nzega kushusha ndoo za asali, anawasha, anaondoka nyuma ya lori. Tukashusha hadi 1.05 na kuchelewesha cheche kwa nyuzi mbili kuanzia mizunguko 3,800 hadi 4,800. Tukarudia kusimama juani kwa makusudi mara tatu. Kimya.

Kipimo cha mwisho: gramu 187 kwa sekunde, ambazo ni takribani nguvu farasi 247. Tuliongeza 32 juu ya gari lililokuwa zima, na kati ya kila shilingi kumi alizotumia, turbo yenyewe ilichukua zisizofika tatu. Presha kamili inafika kwenye 3,500. Chini ya hapo linavuta kidogo kuliko lilivyovuta na TD04 nzima, na nilimwambia hivyo kabla hajalipa, kwa sababu hakuna turbo inayotoa bila kuchukua.

Amekwisha kwenda Kahama na kurudi mara nyingi. Kwenye kila oili nafungua hozi ya turbo nashika shafti, na nakata filta ya oili kutafuta vipande vya chuma. Mpaka sasa ni safi. Kilichoanza kulegea ni klachi: kwenye gia ya nne, akikanyaga mafuta yote kwenye mwinuko, mizunguko inapanda kabla ya gari. Ni ya zamani, na nilijua ingefuata. Ameuza 20G kwa mtu wa Mwanza mwenye injini ya lita 2.5, na pesa hiyo ndiyo inayonunua klachi.